Kabla Hujainuka Kwenye Kiti

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja, na nawashukuru zaidi mliokuja na kompyuta zenu. Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuiandaa kompyuta ya mezani ili uweze kuingia ndani yake ukiwa mbali na kuipa amri kwa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa kutumia SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye kompyuta nyingine, bila kuwafungulia mlango watu usiowajua. Kusakinisha programu yenyewe ni kazi ya dakika mbili. Kwenye Ubuntu au Debian, ambazo ni aina za Linux, unaandika sudo apt install openssh-server, basi. Kwenye Mac unawasha Remote Login ndani ya sehemu ya Sharing. Kwenye Windows, tangu toleo la 1809 la Windows 10, seva ya OpenSSH imo tayari kwenye orodha ya vipengele vya hiari, unaiongeza tu. Kama shida ingeishia hapo, ningewaandikia amri hiyo ubaoni nikaenda zangu.

Ngoja nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa safarini, mbali na mashine yangu, na nilikuwa nimeingia humo kwa nywila. Nikasema leo nifanye mambo ya watu wazima: nizime nywila, nibaki na ufunguo peke yake, yaani faili la siri linalotumika badala ya nywila. Nikafungua faili ya mipangilio, nikabadilisha mstari mmoja, nikawasha upya huduma, nikaandika exit kwa madaha. Kisha nikajaribu kurudi. Permission denied (publickey). Nikajaribu tena, jibu lile lile. Ufunguo niliodhani nimeuweka kule nilikuwa nimeubandika kwa mkono, na ulipobandikwa ulikatika katikati. Ulikuwa ufunguo wa aina iitwayo RSA, wenye herufi zaidi ya 500 ambazo lazima zikae kwenye mstari mmoja, na wangu ulikuwa umegawanyika kwenye mistari miwili. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inafanya sawasawa nilivyoiagiza: usimpokee yeyote asiye na ufunguo sahihi, hata akiwa mimi. Nilikaa siku nne nje ya mlango wangu mwenyewe.

Tangu siku ile nina sharti moja, na ndilo nililokuja kuwaambia. Kila jambo linaloweza kukufungia nje, lifanye na ulijaribu ungali umeketi mbele ya mashine, goti lako likigusa meza yake. Mengi yanayohusu usalama hapa ni suala la kujua lipi linatangulia lipi.

Lakini kwanza, kwa nini SSH? Zamani watu walikuwa wakitumia telnet, programu ya kuingilia kompyuta ya mbali, ambayo asili yake ni mwaka 1969. Telnet hupeleka kila herufi kama ilivyo. Ukiandika nywila, herufi zako hupita kwenye waya zikiwa uchi, na yeyote aliyekaa njiani anazisoma kama unavyosoma tangazo ukutani. Mwaka 1995, kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, ikagunduliwa programu iliyokuwa imefichwa inanasa nywila; ilikuwa imekusanya maelfu. Mtafiti mmoja wa hapo, jina lake Tatu Ylönen, akaketi akaandika SSH, akaitoa mwaka ule ule. Nambari ya poti, yaani mlango wa mtandao ambao programu husikilizia, aliiomba rasmi. FTP, ya kuhamishia faili, ilikuwa na 21, telnet ilikuwa na 23, na 22 katikati ilikuwa haina mwenyewe. Akaiomba, akapewa. Mwaka 1999 watu wa mfumo wa kompyuta uitwao OpenBSD wakatoa OpenSSH, ambayo ndiyo karibu sote tunaitumia leo, hata wasiojua kwamba wanaitumia.

Sasa tuje kwenye hodi. Mgeni akibisha hodi, aliye ndani huuliza: nani? Tumezoea kudhani hata SSH ni hivyo, kwamba swali ni moja tu, na anayeulizwa ni anayeingia. Kumbe maswali ni mawili, na la kwanza anaulizwa mwenye nyumba. Kabla hujatoa nywila wala ufunguo, mashine unayoiendea inatakiwa ithibitishe kwamba ndiyo yenyewe. Ndiyo maana mara ya kwanza unapounganisha unaona maandishi yale yanayosema uhalisi wa mashine haujathibitishwa, kisha inakuja alama ya kidole, yaani muhtasari mfupi wa ufunguo wa mashine hiyo, inayoanza na SHA256 na nukta mbili, ikifuatwa na herufi 43 zisizo na kichwa wala miguu. Halafu unaulizwa kama unataka kuendelea.

Nani hapa huwa anasoma zile herufi? Inueni mikono. Nilijua. Sote tunaandika yes.

Mimi naona hapo ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko pote, maana ni mahali pekee ambapo programu imekiri haijui na imekuomba wewe uamue. Mtu akijiweka kati yako na mashine yako, akakuonyesha ufunguo wa mashine yake, ukasema yes, basi nywila utakayoandika inakwenda kwake. Itakwenda imesimbwa vizuri sana, kwa hisabati safi kabisa, hadi mikononi mwa mwizi. Usimbaji hauwezi kukuokoa kama umemsimbia mtu asiye sahihi.

Dawa yake ni sekunde kumi ukiwa bado kwenye kiti. Kwenye kibodi ya mashine yenyewe andika: ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub. Zile herufi 43 zitatokea. Ziandike kwenye karatasi, zipige picha, zitumie kwenye simu yako kwa njia unayoiamini. Ukienda kuunganisha kwa mara ya kwanza, usiandike yes. Bandika alama yenyewe. Matoleo ya karibuni ya OpenSSH yanaikubali badala ya jibu: ikilingana unaendelea, isipolingana unaulizwa upya. Hapo aliyelinganisha ni kompyuta, na jicho lako lililochoka halihusiki. Baada ya hapo ufunguo wa wazi wa mashine huhifadhiwa kwenye faili ya known_hosts, hutaulizwa tena. Siku ikikupigia kelele kwamba utambulisho wa mashine umebadilika, usikimbilie kufuta mstari. Jiulize kwanza kama umesakinisha upya mfumo. Kama hujafanya hivyo, una sababu ya kuogopa.

Swali la pili ndilo linakuhusu wewe: wewe ni nani? Hapa kuna nywila na kuna ufunguo. Tofauti yake hamuioni kwa macho, ila ni kubwa. Nywila, hata ikipita ndani ya njia iliyosimbwa, inafika upande wa pili ikiwa nzima; seva inaipokea na kuikagua. Ufunguo una nusu mbili, ya siri na ya wazi, na ile ya siri haisafiri kamwe. Kompyuta yako inatia saini kwa ufunguo huo juu ya data ya mazungumzo hayo hayo, na seva inaikagua saini kwa nusu ya wazi iliyo nayo. Kwa hiyo hata ukidanganywa ukaunganisha kwa seva ya uongo, haiwezi kuondoka na ufunguo wako, na saini uliyoitoa haiwezi kuitumia penginepo, kwa sababu imefungwa na mazungumzo yale tu.

Utengeneze kwenye kompyuta utakayosafiri nayo, si kwenye mashine ya mezani: ssh-keygen -t ed25519, ambapo ed25519 ni aina ya ufunguo. Unapata faili mbili. Ile yenye .pub mwishoni unaweza kumpa hata adui. Ile isiyo na .pub haiondoki, haitumwi kwa barua pepe, haiwekwi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukiulizwa nywila ya kuulinda ufunguo, iweke. Najua inachosha, ila kuna programu ya wakala, ssh-agent, inayoishika ukaiandika mara moja tu unapoanza kazi. Ufunguo usio na nywila ndani ya kompyuta mpakato iliyoibwa ni sawa na ufunguo wa nyumba uliofungiwa kibandiko chenye anwani.

Napenda ed25519 kwa sababu nyingine ya kibinadamu kabisa. Nusu yake ya wazi ni herufi 68 tu baada ya jina la aina yake, na zote duniani zinaanza na AAAAC3NzaC1lZDI1NTE5. Inaingia kwenye mstari mmoja wa kioo. Kama ningekuwa nao siku ile, ningeona kwa macho kwamba umekatika. Hata hivyo msibandike kwa mkono kama mnaweza kuepuka. Tumieni ssh-copy-id, inaupeleka na kuuweka mahali pake, ndani ya .ssh/authorized_keys. Wenye Windows, sikilizeni: kama akaunti yenu ni ya msimamizi, seva haisomi faili hiyo ya kwenye folda yenu. Inasoma administrators_authorized_keys iliyo ndani ya C:\ProgramData\ssh. Nimewaona watu wazima wakipoteza mchana mzima hapo.

Na wenye Linux nao wana shimo lao. Kama folda yako ya nyumbani au ile ya .ssh inaweza kuandikwa na mtumiaji mwingine, seva inaukataa ufunguo wako, na wewe uliyeko mbali huambiwi sababu. Unaona umekataliwa tu. Sababu inaandikwa upande wa pili, kwenye kumbukumbu za mfumo. Kwa namba za ruhusa za Linux, folda ya .ssh iwe 700, faili ya authorized_keys iwe 600, yaani wewe peke yako ndiye wa kuzigusa. Ukikwama, andika journalctl -u ssh kwenye mashine yenyewe usome. Fedora na ndugu zake huduma hiyo huiita sshd. Mnaona kwa nini nasema tuwe bado kwenye kiti?

Haya, sasa kuzima nywila, jambo lililoniumbua. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na sijui kama kuna mahali unafaa kuliko hapa. Mbachao wako ni lile dirisha ambalo tayari umeingia nalo. Liache wazi. Habari njema ni kwamba kuwasha upya huduma ya SSH hakuvunji mazungumzo yaliyokwisha kufunguka, kwa hiyo dirisha hilo litabaki hai hata ukiharibu kila kitu.

Kwenye mipangilio ya seva, mistari inayohitajika ni michache: PasswordAuthentication no, KbdInteractiveAuthentication no, PermitRootLogin no, na AllowUsers ikifuatwa na jina la akaunti yako peke yake. Huo wa pili wengi huusahau, halafu wanashangaa mbona nywila bado inaulizwa. Inaingilia mlango wa pembeni. Kisha kuna mtego ambao sijui ni nani asiyewahi kuingia: OpenSSH huchukua thamani ya kwanza inayokutana nayo, si ya mwisho. Kwenye Debian na Ubuntu, faili kuu huanza kwa kusoma folda ya sshd_config.d. Kama humo kuna faili ndogo inayosema nywila ziruhusiwe, basi unaweza kuandika no kwa herufi kubwa ukitaka kwenye faili kuu, hakuna atakayekusikiliza. Ndiyo maana usiamini ulichoandika. Iulize seva yenyewe: sudo sshd -T inakutolea mipangilio inayotumika kwa kweli, na sudo sshd -t, ya herufi ndogo, inakagua kama umeandika upuuzi. Herufi hiyo moja, kubwa au ndogo, ni kazi mbili tofauti. Zitumieni zote.

Halafu pakia upya huduma, fungua dirisha la pili, ujaribu kuingia kwa ufunguo. Umeingia? Vizuri. Bado. Fungua la tatu, ujaribu kuingia bila ufunguo: ssh -o PubkeyAuthentication=no, kisha jina lako na mashine. Hili linatakiwa likatae. Watu hujaribu kama mlango unafunguka kwa ufunguo, wakasahau kujaribu kama unakataa bila ufunguo, na kusudi zima lilikuwa lile la pili.

Sasa kuna mambo ambayo maelekezo mengi hayayagusi, kwa sababu yaliandikwa kwa ajili ya seva zilizofungiwa kwenye vyumba vya baridi. Kompyuta ya mezani ina tabia za kompyuta ya mezani. Inalala. Unaondoka umefurahi, baada ya muda inajiona haijaguswa, inasinzia, na wewe huko uliko unagonga mlango wa nyumba yenye usingizi. Kuingia kwako kwa SSH hakuhesabiwi kama mtu ameketi kwenye kibodi. Unazima kulala kwenye mipangilio ya akaunti yako, unadhani yamekwisha. Kumbe ile skrini ya kuingilia, kabla mtu yeyote hajaingia, ina mipangilio yake na inaweza kuilaza mashine vile vile. Kwenye Linux yenye systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, mimi huandika sudo systemctl mask sleep.target suspend.target, mjadala unaisha.

La pili ni kuzima na kuwaka. Kama diski yako imesimbwa yote, na inafaa isimbwe, basi umeme ukikatika na kurudi, mashine itawaka, itasimama, itasubiri mtu aandike nywila ya diski kwenye kibodi. Wakati huo mtandao haujaamka, SSH haijaamka. Kuna njia ya kuweka seva ndogo ya SSH iitwayo Dropbear mwanzoni kabisa mwa kuwaka ili uiandike nywila hiyo ukiwa mbali. Wengine huamua wabaki na hatari hiyo, na si uamuzi mbaya ikiwa kuna mtu nyumbani unayemwamini wa kumpigia simu. Ila uamue mapema. Chunguza pia, kwenye mipangilio ya ubao-mama, kama mashine imeambiwa ijiwashe umeme unaporudi. Kisha fanya jaribio ambalo hakuna anayelipenda: izime kabisa, iwashe, usiguse kibodi, uone kama unaweza kuingia kutoka kwenye kompyuta nyingine. Wale ambao folda zao za nyumbani zimesimbwa pekee watagundua hapo kwamba authorized_keys imefungiwa ndani ya kile kile inachotakiwa kukifungua.

Mpaka hapa tuko ndani ya mtandao wa nyumbani. Kutoka nje ni habari nyingine, na maoni yangu hapa wengine hawayapendi: usifungue poti 22 ya ruta yako kwa dunia nzima kama huna sababu. Ukiifungua, hutasubiri sana kabla ya kumbukumbu zako kuanza kujaa majaribio ya kuingia kwa majina kama root, admin, test. Si kwamba kuna mtu anakuchukia. Ni programu zinazopita anwani zote bila kuchagua. Ukizima nywila hazitaingia, ni kweli, ila umebaki unategemea programu moja isiwe na tundu. Kuhamishia poti nyingine kunapunguza kelele kwenye kumbukumbu, na kelele ikipungua unasoma vizuri. Usalama wenyewe haujaongezeka.

Mimi huweka WireGuard mbele, programu ya VPN, yaani njia ya siri inayopitia mtandao wa wazi. Hiyo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na sifa yake ninayoipenda ni ukimya: pakiti isiyo na ufunguo sahihi haijibiwi chochote, kwa hiyo anayepapasa hajui hata kama kuna mlango. SSH inabaki nyuma yake, haionekani. Lakini tazama kwanza anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna poti utakayoifungua kwenye ruta itakayosaidia. Hapo unahitaji mashine ya katikati yenye anwani ya wazi, mashine yako iitafute yenyewe kutoka ndani.

Kuhusu masasisho nitasema kisa kimoja tu. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungepiga miayo tukaendelea. Yeye akafuatilia, akakuta matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana data ambayo baadhi ya mifumo ya Linux huifikisha ndani ya SSH kwa njia ya kuzunguka, yamewekewa mlango wa siri kwa makusudi. Yalikuwa yamefika kwenye matoleo ya majaribio ya mifumo hiyo, bado hayajasambaa kwa watu wengi. Kwa hiyo washa masasisho ya usalama yajisakinishe yenyewe, lakini kwenye mashine unayoitegemea ukiwa mbali, kaa na toleo lililotulia. Matoleo ya majaribio yaache kwa akina Freund.

La mwisho ni siku kompyuta mpakato itakapopotea. Kila kifaa kiwe na ufunguo wake. Usinakili mmoja ukauzungusha kila mahali. Mwishoni mwa kila mstari wa authorized_keys kuna nafasi ya maneno yako. Andika humo jina la kifaa na mwaka: mpakato-kijivu-2025, simu-2024. Siku hiyo utaingia kwa kifaa kingine, utafuta mstari mmoja, basi, vingine vyote vitaendelea. Nimewahi kuona faili yenye mistari kumi na moja isiyo na jina hata moja, mwenyewe anakuna kichwa asijue upi ni wa kilichoibwa. Ilibidi afute yote. Na alikuwa mbali.

Hii hapa mezani ni mashine mpya, haijaguswa, na kibodi yake iko wazi. Yule mama wa mstari wa pili ambaye hakuinua mkono nilipouliza nani husoma zile herufi 43, karibu mbele. Wewe ndiye utakayeanza kuzisoma.